Ethanoli asilimia 30 kwenye pikapu ya petroli yenye turbo: inafaa kujaribiwa hapa Dar es Salaam?

Msafiri_wa_Tegeta

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba ushauri kwa wanaozifahamu vizuri injini za petroli zenye turbo, kwa sababu mafundi wengi niliowauliza huku mtaani wamezoea pikapu za dizeli na kila mmoja ananipa jibu lake.

Ninatumia Ford F-150 ya mwaka 2014, injini ya EcoBoost ya lita 3.5 yenye turbo mbili, iliyoingizwa nchini ikiwa imekwisha kutumika Marekani. Kazi yake kubwa ni kuvuta trela na kubeba vifaa vya ujenzi kwenda Bagamoyo na Chalinze. Ikiwa tupu haina shida yoyote. Ikiwa imebeba mzigo, hasa mchana wa Januari na Februari, nikitoka Ubungo na kuanza kupandisha Kimara baada ya kukaa kwenye foleni, nguvu zinapungua waziwazi. Fundi aliyeipima kwa kompyuta alinionyesha kwamba sensa inasikia injini ikigonga (mafuta yanajiwasha yenyewe ndani ya silinda), na kompyuta inarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ili kuilinda.

Nimesoma maelezo ya wenye magari kama langu huko Marekani. Wengi wanachanganya E85 (mafuta yenye ethanoli ya hadi asilimia 85) na petroli ya kawaida mpaka wanapata ethanoli ya asilimia 30 hivi ndani ya tenki, na wanasema gari linavuta vizuri zaidi kwenye joto kwa kuwa ethanoli inazuia kugonga. Hapa kwetu hakuna kituo ninachokijua kinachouza E85, lakini nimempata mtu anayeuza spiriti ya asilimia 96 kwa madumu ya lita 20, naye ananihakikishia kwamba ni kitu kilekile. Ningependa kujua kama injini ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya ethanoli nyingi inaweza kustahimili kiwango hicho, kama spiriti hiyo inafaa, na kama kuna faida yoyote ya fedha katika jambo hili. Natanguliza shukrani.

Fundi_wa_Gerezani

Kaka, tuache kwanza habari ya nguvu tuangalie kiasi cha mafuta ambacho injini yako italazimika kupewa, kwa sababu hapo ndipo gari linapopona au kufa.

Petroli halisi huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili kilo moja ya mafuta iungue yote. Ethanoli huhitaji kilo 9 tu, kwa kuwa ndani yake tayari imo oksijeni. Maana yake ni kwamba kwa hewa ileile iliyosukumwa na turbo, nozeli zinatakiwa kumwaga mafuta mengi zaidi. Ukiwa na ethanoli ya asilimia 10, ongezeko ni kama asilimia 3 au 4, na kompyuta hulimaliza bila wewe kujua. Ukifika asilimia 30, ongezeko ni kama asilimia 11. Ukimimina E85 yenyewe, unahitaji zaidi ya asilimia 40 ya ziada, na injini isiyotengenezwa kwa kazi hiyo haiwezi kuifikisha.

Kompyuta ya injini hujirekebisha kwa kusikiliza sensa za oksijeni zilizopo kwenye bomba la moshi, na katika magari mengi marekebisho hayo yanaruhusiwa kufika kama asilimia 25 kabla ya taa ya injini kuwaka na kutoa msimbo P0171 au P0174, unaosema kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Kwa hesabu ya karatasi, asilimia 30 ya ethanoli inaingia ndani ya nafasi hiyo, na ndiyo sababu Wamarekani wengi wanaendesha bila taa kuwaka. Lakini nafasi hiyo si ya ethanoli peke yake. Pampu iliyochoka inakula sehemu yake, nozeli chafu inakula sehemu yake, na bomba la hewa linalovuja nalo linakula sehemu yake. Gari lenye umri wa lako, lililokwisha kunywa mafuta ya vituo vya kila aina, mara nyingi limekwisha kutumia sehemu ya akiba hiyo kabla hujaongeza hata lita moja ya ethanoli.

Jambo la pili ni pampu ya presha kubwa. Injini yako ya 2014 humwaga mafuta yote moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha inayofikia takribani bar 150, na pampu inayotengeneza presha hiyo inazungushwa na kemshafti. Kizazi cha pili cha injini hiyohiyo, kilichoanza na magari ya 2017, kiliongezewa seti nyingine ya nozeli kwenye njia ya hewa, kwa hiyo kina uwezo mkubwa zaidi wa kutoa mafuta. Kwa sababu hiyo, ukisoma ushuhuda wa mtu wa Texas kwamba asilimia 30 haikumletea tatizo, tazama kwanza gari lake ni la mwaka gani. Pampu ikizidiwa wakati turbo imejaa na mzigo upo nyuma, presha ya reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) inashuka, mchanganyiko unakosa mafuta, joto ndani ya silinda linapanda, na pistoni inaweza kuvunjika kwenye mifereji ya ringi au kuyeyuka kabisa. Hilo halingoji miezi. Linatokea kwenye mlima mmoja.

Sasa faida, maana ipo na sitaki kuificha. Oktani ya ethanoli, yaani uwezo wake wa kuzuia kugonga, kwa kipimo cha utafiti, ni takribani 109. Zaidi ya hapo, inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto kama mara mbili na nusu ya lile linalonyonywa na petroli ya uzito uleule, na kwa kuwa kwako mafuta yanamwagwa ndani ya silinda, upoaji huo unatokea palepale ambapo kugonga huanzia. Kwa injini ya turbo katika mji ambao hewa inayoingia ina nyuzi 32 kabla hata haijabanwa, msaada huo si wa kudharau. Lakini kompyuta yako haijui kwamba umeweka ethanoli. Itakachofanya ni kurudisha taimingi iliyokuwa imeipunguza, na itaishia kwenye kikomo kilichoandikwa na kiwanda. Wale wanaozungumza juu ya ongezeko kubwa la nguvu wameandika upya programu ya kompyuta ili itumie oktani hiyo, na wengi wao wamebadilisha pampu pia.

Kuhusu ruhusa ya mtengenezaji: mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikamilisha mwaka 2011 idhini ya kutumia E15 kwenye magari madogo ya mwaka 2001 na kuendelea, na Ford yenyewe ilianza kuikubali E15 kwa magari ya 2013. Gari lako basi linaruhusiwa asilimia 15. Magari yaliyotengenezwa kula mpaka E85 huwa na alama maalumu, na mengi ya Marekani yana mfuniko wa tenki wa rangi ya njano. Kama wako ni mweusi na kitabu hakisemi vingine, asilimia 30 ni uamuzi wako mwenyewe na wala si wa kiwanda.

Niseme na jambo moja la pembeni, kwa kuwa limeenea sana. Watu husema ethanoli itasafisha vali. Kwenye injini yako haitazisafisha, kwa sababu mafuta hayapiti kwenye vali za kuingizia hewa. Itakachosafisha ni uchafu wa tenki na mabomba, na uchafu huo utasafiri kuelekea kwenye nozeli.

Mkemia_Mbezi

Fundi amemaliza upande wa injini. Mimi kazi yangu ni maabara, kwa hiyo nitazungumzia hilo dumu la spiriti, ambalo kwa maoni yangu ndilo hatari kubwa kuliko asilimia yenyewe.

Ethanoli inayochanganywa kwenye petroli huko Marekani inatakiwa isizidi asilimia 1 ya maji, na ina vikomo vya asidi, kloraidi, salfeti, shaba na methanoli. Vikomo hivyo vimewekwa kwa sababu vitu hivyo hula metali za mfumo wa mafuta. Spiriti ya asilimia 96 imefikia mwisho wa kile ambacho mtambo wa kawaida wa kukenekea unaweza kutoa. Ili kuondoa maji yaliyobaki unahitaji hatua nyingine ya kukausha kwa vichujio maalumu. Hapa nchini tunayo ethanoli inayotokana na molasisi, na vipo viwanda Kidatu na Mwanga, lakini bidhaa inayotengenezwa kwa ajili ya vinywaji, vitakasa mikono au majiko haina sababu ya kupimwa kwa vigezo vya injini.

Fikiria tenki la lita 100. Ili upate ethanoli ya asilimia 30 utamimina lita 31 na kidogo za spiriti hiyo, na pamoja nayo utakuwa umemimina karibu lita moja na robo ya maji. Kwa joto letu la mchana na kwa kiwango hicho cha ethanoli, maji hayo yanaweza kubaki yameshikana na mafuta. Tatizo linaanza baadaye, ukiwa njiani na ukalazimika kujaza petroli tupu. Ethanoli inapungua, na uwezo wa mchanganyiko kushika maji unapungua nao. Petroli yenye ethanoli ya asilimia 10 hushika kama nusu asilimia tu ya maji. Ongeza hapo maji kidogo yaliyoingia kwenye tenki la kituo wakati wa masika, au unyevu wa pwani ulionyonywa na dumu lililokaa wazi stoo, na mchanganyiko utaachana: petroli juu, ethanoli na maji chini. Pampu yako inanyonya kutoka chini. Injini itazimika, na petroli iliyobaki juu itakuwa imepoteza ile oktani uliyoifuata tangu mwanzo.

Kuna suala la pili ambalo muuzaji wako hawezi kulijibu kwa kukupa neno lake tu. Spiriti ya viwandani huharibiwa makusudi ili isinyweke, na mojawapo ya vitu vinavyotumika ni methanoli. Methanoli hula aluminiamu na baadhi ya mipira kwa ukali kuliko ethanoli, na ni sumu hata kwa kuvuta mvuke wake au kwa kumwagikia ngozi mara kwa mara. Usidhani utaigundua kwa haidromita. Uzito wa ethanoli ni takribani gramu 0.789 kwa mililita kwenye nyuzi 20, na wa methanoli ni 0.792. Kipimo hicho kitakuonyesha spiriti nzuri ya kiwango cha juu wakati robo yake ni sumu.

Kitu unachoweza kukipima mwenyewe ni kiasi cha ethanoli kilichomo kwenye petroli uliyonunua, na ninashauri kila mwenye turbo ajue kufanya hivyo. Chukua silinda ya kioo ya mililita 100 yenye mistari, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Mimina maji mpaka mstari wa 10, kisha jaza petroli mpaka mstari wa 100. Ziba, tikisa kwa dakika moja, fungua kidogo ili mvuke utoke, halafu iache isimame mahali penye hewa, mbali na moto. Maji yatavuta ethanoli kwao. Kama mpaka kati ya maji na petroli umepanda kutoka 10 hadi 19, basi mililita 9 kati ya 90 zilikuwa ethanoli, yaani asilimia 10 kwa makadirio. Kama mpaka haukusogea, petroli yako haina ethanoli. Usiimwage sampuli hiyo kwenye mtaro.

Na tafadhali, kaka, usibebe madumu hayo ndani ya gari. Mvuke wa ethanoli hushika moto kwa joto la nyuzi 13 tu kwenda juu, yaani saa zote za Dar es Salaam. Mwali wake ni hafifu kiasi kwamba juani unaweza usiuone, na povu la kawaida la kuzimia moto wa petroli huharibiwa na pombe. Mtungi wa poda kavu ndio unaofaa.

Hilux_ya_Kimara

Ninawashukuru wote kwa maelezo. Naomba kuuliza hapohapo: mimi nina Hilux ya lita 2.8, dizeli, nayo ina turbo. Kama ethanoli inapoza silinda, je, nikiongeza kidogo kwenye dizeli, tuseme asilimia 5, haitanisaidia kwenye milima ya Iringa?

Fundi_wa_Gerezani

Hapana, ndugu yangu, usiongeze hata kidogo, na ningeomba kila mwenye Hilux, Ranger ya dizeli, D-Max au L200 anayesoma hapa alishike hilo, kwa kuwa ndizo pikapu nyingi za mji huu.

Injini ya petroli inataka mafuta yasiyojiwasha yenyewe. Injini ya dizeli inataka kinyume chake: mafuta yanayojiwasha mara tu yanapokutana na hewa iliyobanwa. Sifa inayoifanya ethanoli kuwa nzuri kwa jirani yako wa Tegeta ndiyo inayoifanya kuwa mbaya kwako. Namba yake ya setani, yaani kipimo cha wepesi wa kujiwasha, ni ndogo mno, chini ya 10, wakati dizeli nzuri ni 45 na zaidi. Kisha pampu yako na nozeli zako zinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa presha inayozidi bar 1,600, na ethanoli hailainishi. Utasikia injini ikilia tofauti, na baada ya hapo utakuja kununua pampu. Nyongeza ya tatu ni moto: dizeli hutoa mvuke wa kuwaka kwenye joto linalozidi nyuzi 55, na ukiitia ethanoli kidogo tu, tenki lako linakuwa na tabia ya tenki la petroli ilhali halikujengwa hivyo.

Yapo mabasi yanayotumia ethanoli kwenye injini za kujiwasha, na Stockholm ilikuwa nayo kwa miaka mingi, lakini hizo ni injini za Scania zenye mgandamizo wa 28 kwa 1 na mafuta yenye dawa maalumu ya kuwashia. Hilux yako haimo katika kundi hilo.

Njia_ya_Songwe

Naomba niongeze kutoka upande wa safari. Biashara yangu hunipeleka Karonga na Lilongwe mara kwa mara, na Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982, ilipoanza kutengenezwa Dwangwa. Zimbabwe nao wana mtambo wa Chisumbanje na wamefanya uchanganyaji kuwa lazima tangu 2013, ila kiwango chao hupanda na kushuka kulingana na ethanoli iliyopo. Mtu anayetoka hapa na pikapu yake ya petroli, akavuka Kasumulu na kujaza upande wa pili, tayari anatumia mchanganyiko hata kama hakuuomba.

Ninaloliona huko ni kwamba magari ya kawaida yanakwenda bila matatizo, matumizi ya mafuta yanaongezeka kidogo, na wanaolalamika zaidi ni wenye magari ya zamani ya kabureta ambayo mipira yake inavimba. Lakini huko ethanoli iliyokaushwa huchanganywa kwenye maghala kabla ya kufika kituoni, na kuna mtu anayewajibika kwa kipimo. Hakuna anayesimama barabarani na dumu. Kwa hiyo nisingependa mtu autumie mfano wa Malawi kuhalalisha spiriti ya kununua kwa madumu.

Ndivyo ilivyo hata kwa Brazili, ambayo naona hutajwa sana. Petroli yao ilikuwa na ethanoli ya asilimia 27 tangu 2015 na ikapandishwa kuwa 30 mwezi Agosti 2025. Magari ya soko lile yametayarishwa kwa mafuta hayo tangu kiwandani, na mengi yake yanaweza kutumia hata ethanoli peke yake. F-150 iliyotayarishwa kwa mafuta ya Marekani haipati kinga hiyo kwa sababu tu Wabrazili wanafanya.

Upande wa fedha, hesabu ni fupi. Lita ya ethanoli ina nishati ya takribani theluthi mbili ya lita ya petroli. Madereva wa Brazili wana kanuni ya kulinganisha: bei ya ethanoli ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, wanajaza petroli. Chukua bei kikomo ambayo EWURA, mdhibiti wa nishati, huitangaza kila mwezi, itafutie theluthi mbili, kisha muulize muuzaji wako lita yake ni shilingi ngapi. Spiriti iliyotengenezwa kwa ajili ya vinywaji au hospitali haiwezi kushuka mpaka hapo.

Msafiri_wa_Tegeta

Nawashukuru sana, hasa Dada Mkemia kwa habari ya methanoli, ambayo hakuna aliyewahi kunitajia. Suala la spiriti nimelifuta. Nilimuuliza muuzaji kama anacho cheti cha maabara kinachoonyesha maji na methanoli, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wateja wake wote wanarudi. Jibu hilo lilinitosha.

Nimefanya pia jambo ambalo Fundi alilidokeza. Nimepata kifaa cha kusomea kompyuta, mwanangu akakaa pembeni akisoma namba huku mimi nikiendesha. Kwa petroli tupu, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yanasoma asilimia 9 ya nyongeza upande mmoja wa injini na 8 upande wa pili. Nilipopandisha Kimara na mzigo, presha ya reli ilianza vizuri kisha ikawa inashuka chini ya ile inayotakiwa na kompyuta kadiri nilivyoendelea kukanyaga. Kipimo cha maji kimeonyesha petroli niliyonayo haina ethanoli kabisa. Je, namba hizi zinaeleza nini, na nianzie wapi kutibu kugonga bila ethanoli?

Fundi_wa_Gerezani

Namba hizo zinaeleza kwamba gari lako lina njaa ya mafuta hata kabla ya kuongezewa mzigo wa ethanoli. Ungeongeza asilimia 11 juu ya hiyo 9, ungefika 20 wakati presha ya reli tayari inashuka, nawe ungekuwa kwenye mlima uleule na trela nyuma.

Kwa kuwa pande zote mbili zinasoma karibu sawa, siwazi nozeli moja iliyoziba. Ninawaza kitu kinachohudumia injini nzima. Anzia kwenye pampu ya ndani ya tenki. Mwambie fundi apime presha yake kwa geji wakati gari liko kwenye mzigo, maana pampu iliyochoka husoma vizuri gari likiwa limesimama na kuanguka linapoombwa mafuta mengi. Akague na nyaya zake pia: kutu ya pwani kwenye viunganishi hupunguza umeme, na pampu nzima ikaonekana mbovu. Hii pampu ikiwa haitoi vya kutosha, ile ya presha kubwa haina cha kubana. Ukibadilisha ya presha kubwa kwanza, kama mafundi wengi wanavyopenda kwa sababu ndiyo inayouzwa ghali, tatizo litabaki. Sambamba na hayo, akague mabomba ya mpira kati ya turbo na intakula (kipozeo cha hewa iliyobanwa na turbo), kwa sababu ufa mdogo pale huvujisha hewa iliyokwisha kubanwa.

Mafuta yakirudi sawa, ndipo uitazame hewa. Intakula yako iko chini mbele, nyuma ya bampa, na gari linalokwenda kwenye maeneo ya ujenzi huipakaza tope na majani mpaka nusu yake haipitishi upepo. Ioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, usiyakunje mapezi yake. Halafu toa plagi zote sita, upime nafasi zake kwa geji na uzilinganishe na kitabu. Kwenye turbo, nafasi iliyopanuka husababisha kukosa moto, na watu huifikiria kuwa mafuta mabaya. Injini hii ina sababu nyingine ya kukosa moto ambayo kwetu inahitaji kukumbukwa: hewa yenye unyevu mwingi inaweza kuacha maji ndani ya intakula, ukikanyaga ghafla maji hayo yanaingia kwenye silinda. Magari ya miaka ya mwanzo yalilalamikiwa sana kwa hilo huko Marekani. Ukiona gari linatetemeka ghafla asubuhi ya mvua baada ya kwenda taratibu kwa muda mrefu, usikimbilie kulaumu kituo cha mafuta.

Kuhusu petroli, tumia yenye oktani kubwa zaidi unayoweza kuipata, kwa siku za mzigo angalau, na ununue kwenye kituo chenye magari mengi yanayoingia na kutoka ili mafuta yasiwe ya kukaa. Oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa barabara za Marekani. Injini za kumwaga mafuta ndani ya silinda huchanganya petroli kwenye oili zinapokaa kwenye foleni na safari fupi, na oili iliyochanganyika hivyo inaweza kuongeza ile hatari ya mafuta kujiwasha kabla ya wakati kwenye mzunguko mdogo, ambayo huvunja pistoni kwa sauti moja tu.

Mkemia_Mbezi

Nakubaliana na Fundi, na ninaongeza kwa ajili ya siku zijazo tu. Ikitokea ethanoli ya mafuta, iliyokaushwa na yenye cheti, ikaanza kuuzwa hapa kihalali, usianzie 30. Baki kwenye asilimia 15 ambayo gari lako limeruhusiwa. Hata hapo utapata sehemu ya kutosha ya faida ya oktani, kwa sababu pointi za kwanza za ethanoli kwenye petroli ndizo zinazoinua oktani kwa kasi zaidi. Kila ukijaza, pima kwa silinda, na usome marekebisho ya muda mrefu baada ya gari kutembea vya kutosha kwa kompyuta kujifunza. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapo afunge sensa ya ethanoli kwenye bomba la mafuta. Zile za kawaida hutoa mawimbi ya hertz 50 kwa petroli tupu na 150 kwa ethanoli tupu, na programu iliyoandikwa vizuri husoma namba hiyo na kurekebisha mafuta na taimingi yenyewe, bila dereva kukisia.

Msafiri_wa_Tegeta

Nimeelewa. Kesho gari linaingia gereji kupimwa pampu ya tenki likiwa kwenye mzigo, na intakula itaoshwa hukohuko. Nitaandika hapa namba za marekebisho na za presha ya reli baada ya matengenezo, kwa barabara ileile na mzigo uleule, ili wenye injini kama hii wapate cha kulinganisha.